Je, Tlacaelel alikataa ufalme kweli? Jibu kwa anayeandaa makala

Swali la msomaji: Ninaandika makala ya historia kuhusu Tlacaelel, mshauri wa watawala wa Waazteki. Nimekuta maelezo kwamba ndiye aliyetawala nyuma ya pazia kwa karibu miaka 60, akachoma vitabu vya historia, akaanzisha kafara za watu, akasimamia kuuawa kwa watu 80,400 kwa siku nne, na akakataa ufalme alipopewa. Niandike yapi, niache yapi?

Jibu: Andika bila wasiwasi kwamba aliishi, kwamba cheo chake kilifuata cha mtawala bila mwingine katikati, na kwamba kilibaki kwa mwanawe na mjukuu wake. Kuchoma vitabu usimtwishe yeye peke yake. Kuanzisha kafara, futa. Hiyo 80,400 itaje kuwa ni idadi iliyoandikwa, si idadi iliyohesabiwa. La kukataa ufalme lina ukweli ndani yake, ila limeelezwa vibaya, na hapo ndipo makala yako inaweza kupata uti wa mgongo.

Kabla ya yote, majina. Herufi x katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ilisomwa "sh", kwa hiyo Axayacatl ni kama Ashayakatl. "Hu" na "uh" ni sauti ya w: Ahuitzotl husomwa Awitsotl. "Tl" ni sauti moja. Ikikaa mwishoni mwa jina haiongezi silabi. Waazteki wa mji wa Tenochtitlan, uliokuwa kisiwani katika Ziwa Texcoco pale lilipo Jiji la Mexico leo, walijiita Mexica. Jina "Waazteki" limezoeleka na unaweza kulitumia, lakini litaje hili mara moja ili msomaji wako asije akadhani ni makabila mawili.

Tlacaelel alikuwa mtoto wa Huitzilihuitl, mtawala wa pili wa Tenochtitlan. Chimalpahin, mwandishi wa Kinahuatl aliyezaliwa Amecameca mwaka 1579, anasema alizaliwa mwaka 1398, siku moja na Moctezuma Ilhuicamina, baba mmoja mama mbalimbali. Huyu Moctezuma ni wa kwanza. Aliyekutana na Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, mwaka 1519 ni wa pili, kitukuu chake. Waandishi wengi huwachanganya, nawe ukifanya hivyo tarehe zako zote zitaharibika. Vivyo hivyo kwa jina Tezozomoc: kuna mtawala wa Azcapotzalco aliyefariki mwaka 1426, na kuna mwandishi wa mambo ya kale wa mwishoni mwa karne ya 16. Mwandishi huyo alikuwa mjukuu wa Moctezuma wa pili.

Utoto na ujana wa Tlacaelel haujulikani kwa undani, kwa hiyo usiujaze. Anaingia jukwaani akiwa na miaka 30 hivi. Wakati huo Tenochtitlan ililipa kodi kwa Azcapotzalco, mji wa Watepaneca upande wa magharibi wa ziwa. Chimalpopoca, mtawala wa tatu wa Tenochtitlan na ndugu wa Tlacaelel kwa baba, alikuwa mjukuu wa Tezozomoc kwa upande wa mama, na babu huyo alikuwa ngao yake. Tezozomoc alipofariki, mwanawe Maxtla akanyakua kiti, Chimalpopoca akafa katika vurugu hizo, na mwaka 1427 Wamexica wakamsimika Itzcoatl, ambaye kwa Tlacaelel alikuwa baba mdogo.

Hapa ndipo inapokuja hadithi ambayo kila mtu huisimulia. Diego Durán, mtawa wa Kidominika aliyemaliza historia yake mwaka 1581, anaandika kwamba watu wa kawaida waliogopa vita wakataka kubeba sanamu ya mungu wao Huitzilopochtli waende kujisalimisha Azcapotzalco. Tlacaelel akajitolea kwenda kama mjumbe. Safari ya mwisho alibeba lami, manyoya, ngao na mishale. Hakuwa akipeleka zawadi: kumpaka mtawala lami kulimaanisha anahesabiwa kuwa maiti tayari, na ngao ilimwambia ajiandae. Aliporudi, watu na mabwana wakawekeana ahadi. Mabwana wakisema: tukishindwa, tuleni kwenye vyombo vichafu vilivyovunjika. Watu wakisema: mkishinda, tutawatumikia, tutawalipa kodi, tutawajengea nyumba na kuwabebea mizigo.

Isimulie, ni nzuri mno kuiacha. Lakini mwambie msomaji inafanya kazi gani. Baada ya ushindi wa mwaka 1428, ardhi ya Azcapotzalco iligawanywa, na Durán anataja mgao wenyewe: mtawala kwanza, kisha Tlacaelel vipande kumi, mabwana wengine mashuhuri viwili viwili, na kila kitongoji, yaani calpulli, kikapata kipande cha kugharimia ibada yake. Mkulima wa kawaida hakupata kitu. Hadithi ya vyombo vilivyovunjika inaeleza kwa nini hakupata: eti aliafiki mwenyewe. Mkataba wa namna hiyo, unaompa mshindi kila kitu, hukumbukwa zaidi na wajukuu wa mshindi.

Vita hivyo Wamexica hawakushinda peke yao. Nezahualcoyotl wa Texcoco alikuwa na kisasi chake, maana Watepaneca walimuua baba yake, na mji wa Tlacopan ukajiunga. Ndiyo asili ya ule Muungano wa Miji Mitatu, ambao kwa kawaida huelezwa uligawana kodi kwa mafungu matano: mawili Tenochtitlan, mawili Texcoco, moja Tlacopan. Makala inayosema Tlacaelel "alianzisha himaya" inamfuta Nezahualcoyotl, na hilo ni kosa kubwa.

Sasa cheo. Tlacaelel alianza kama atempanecatl, kisha katika mpangilio mpya wa Itzcoatl akawa tlacochcalcatl, bwana wa nyumba ya mikuki, na nduguye Moctezuma akawa tlacateccatl. Hivyo vilikuwa viwili kati ya vyeo vinne vya juu ambavyo kutoka humo ndimo mtawala ajaye alichaguliwa. Hatimaye akawa cihuacoatl, neno lenye maana ya "Nyoka wa Kike". Ni jina la mungu wa kike wa ardhi na uzazi, lakini mwenye cheo alikuwa mwanamume. Mtawala aliitwa tlatoani, "anenaye". Mmoja alinena na kwenda vitani. Mwingine alikaa mjini na kuendesha nyumba. Kwa watu waliomwona Ometeotl, mungu wa asili, kuwa mume na mke kwa pamoja, mamlaka yenye pande mbili haikuwa jambo geni.

Vitabu vingi humwita "waziri mkuu". Neno hili mimi ningelitumia mara moja tu kisha nikaliacha. Kwetu waziri huteuliwa na kufukuzwa na aliyemteua, na mfalme akifa waziri hukusanya vitu vyake. Cihuacoatl hakuwa hivyo. Tlatoani alipofariki, yeye ndiye aliyebaki: alisimamia mazishi, aliita wateule, alishika mji mpaka mrithi akae. Tlatoani akiwa vitani, yeye alikaimu. Alisikiliza kesi nzito, alikuwa na sauti juu ya kodi iliyoingia na jinsi ilivyogawanywa, na alihusika kuteua majemadari na kupanga nani atuzwe baada ya vita. Kati ya amri zinazohusishwa na Moctezuma wa kwanza kuna zile za mavazi: nguo za pamba ni za mabwana, mtu wa kawaida avae nguo ya nyuzi za maguey, mmea wa jamii ya mkonge, na isipite magoti yake. Ndani ya kasri wote watembee pekupeku, isipokuwa wawili, mtawala na Tlacaelel. Kama unatafuta picha moja ya kumwonyesha msomaji ukubwa wa mtu huyu, chukua hiyo ya viatu.

Twende kwenye vyanzo, kwa sababu ndiko makala nyingi zinakoharibika. Karibu kila tendo maarufu la Tlacaelel linatoka kwa Durán na kwa Tezozomoc mwandishi, ambao masimulizi yao yanafanana kiasi kwamba wataalamu wanaona wote walitumia andiko moja la Kinahuatl lililopotea. Andiko hilo limepewa jina la Crónica X. Kwa hiyo ukikuta jambo kwa Durán na ukalikuta tena kwa Tezozomoc, usiandike kwamba mashahidi wawili wamekubaliana. Ni shahidi mmoja aliyenakiliwa mara mbili. Na shahidi huyo anampenda Tlacaelel mno: kila wazo zuri ni lake, kila mtawala humwuliza kwanza. Ukienda kwa waandishi wa Texcoco, kama Ixtlilxochitl, anayeng'ara ni Nezahualcoyotl. Kila mji uliandika historia ukiwa na mtu wake kifuani.

Mwaka 1615 Torquemada, mtawa wa Kifransisko, alifika mbali zaidi akasema Tlacaelel ni mtu wa kubuniwa. Hapo alikosea. Chimalpahin anatupa kitu ambacho hadithi za sifa hazihitaji: nasaba. Anataja mama wa Tlacaelel, mke wake Maquiztzin aliyetoka Amecameca, na watoto wao. Naye Chimalpahin ana maslahi yake, kwa sababu Amecameca ni kwao na anajivunia binti yao, lakini nasaba hiyo inaungana na vyeo vya watu waliojulikana mpaka wakati wa Wahispania. Mtu wa kubuniwa haachi mjukuu anayekamatwa na Cortés.

Kuhusu vitabu. Habari ya kuchomwa inapatikana katika maandiko yaliyokusanywa na Sahagún, mtawa wa Kifransisko, kwa msaada wa wasomi wa Kinahuatl, kitabu cha 10: wakati wa Itzcoatl, mabwana walikubaliana kwamba maandiko ya kale yachomwe, kwa hoja kwamba si vyema watu wote wayajue. Tlacaelel hatajwi pale. Waandishi wa karne ya 20 ndio waliomtia ndani ya tendo hilo, kwa hoja kwamba mshauri mwenye nguvu namna ile hangekosa kuwamo. Inawezekana, lakini hilo ni kisio. Sentensi salama ni hii: "Chini ya Itzcoatl, Tlacaelel akiwa miongoni mwa wakuu wake, mabwana waliamua kuchoma vitabu vya historia ya kale." Zaidi ya hapo unaongeza chumvi.

Kuna kisa kinachofaa kuwekwa kando ya huo moto. Miaka baadaye Moctezuma wa kwanza alitaka kuijua Aztlan, nchi ya asili ambako wazee wao walitoka. Durán anasema Tlacaelel alimshauri asipeleke askari bali wachawi, maana safari ile haikuwa ya kuteka bali ya kutafuta, na wakatumwa 60. Watu waliochoma kumbukumbu zao wakaja kuzitafuta kwa uchawi. Hilo mimi naliona zito kuliko hotuba zote alizowekewa mdomoni.

Kafara za watu hazikuanza naye. Teotihuacan, mji wa kale uliotangulia Tenochtitlan, chini ya hekalu la Nyoka mwenye Manyoya, kumefukuliwa mabaki ya zaidi ya watu 100 waliotolewa kafara hekalu hilo lilipojengwa, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Tlacaelel kuzaliwa. Hata katika Hekalu Kuu la Tenochtitlan, jiwe la kafara limekutwa mahali pake kwenye hatua ya ujenzi iliyotangulia ushindi wa 1428. Unachoweza kusema ni kwamba katika kizazi chake jambo hili liliongezeka ukubwa na likafungwa na siasa: Huitzilopochtli, mungu wa mji mmoja, aliinuliwa juu ya mahekalu ya himaya nzima, na mabwana wa miji mingine waliitwa kushuhudia.

Vita vya maua ni mfano mzuri wa jinsi ya kupima madai. Hivi vilikuwa vita vya makubaliano, ambavyo lengo kubwa lilikuwa kuteka watu wakiwa hai. Durán anampa Tlacaelel hotuba nzima: mungu wetu anahitaji soko la karibu, Tlaxcala, Huexotzinco, Cholula na wenzao, ambako ataenda na jeshi lake kununua chakula kikiwa bado cha moto kama mkate uliotoka jikoni, nyama ya mataifa ya mbali ni mkate mkavu. Hotuba inatisha na inavutia. Lakini Chimalpahin anaandika vita vya maua kati ya Wamexica na Chalco tangu miaka ya 1370, na Ixtlilxochitl anaiunganisha mipango ya Tlaxcala na njaa ya miaka ya 1450 hadi 1454, bila kumpa Tlacaelel sifa ya kuibuni. Ukiviweka vyote mezani, unaona mshauri anayepanua desturi iliyokuwepo.

Sasa ile 80,400. Ni ya Durán, kwa uzinduzi wa Hekalu Kuu mwaka 1487, chini ya Ahuitzotl, na anasema ilichukua siku nne. Piga hesabu mwenyewe: siku nne ni saa 96, na 80,400 ukigawanya kwa 96 unapata karibu watu 838 kila saa, au 14 kila dakika, usiku na mchana bila kupumzika. Hata kama kulikuwa na mawe kadhaa ya kafara, hapo hujaweka muda wa kupanda ngazi wala wa kuondoa miili. Tena angalia idadi ilivyokaa. Wamexica walihesabu kwa ishirini: 400 iliitwa tzontli, "nywele", na 8,000 iliitwa xiquipilli, "mfuko". 80,400 ni mifuko kumi na tzontli moja. Imenyooka mno kuwa hesabu ya vichwa. Andiko la picha liitwalo Telleriano-Remensis lina mifuko miwili na tzontli kumi, yaani 20,000, robo ya ile nyingine, na hata hiyo ni zaidi ya watu 200 kwa saa ukiiweka katika siku nne zilezile. Upande wa pili, usije ukaruka mpaka kusema hayakutokea. Wachimbaji wa Mexico waliokuta ukuta wa mafuvu karibu na Hekalu Kuu mwaka 2015 walikuwa wamefikisha mafuvu 603 kufikia mwaka 2020, ya wanaume, wanawake na watoto. Andika "mamia yamethibitishwa kwa mifupa, maandiko yanadai makumi ya maelfu", msomaji ataelewa.

Mwaka huo huo wa 1487 ndio Chimalpahin anaouweka kuwa wa kifo cha Tlacaelel, akiwa na umri wa miaka 89 hivi. Alikuwa ameona enzi za Itzcoatl (1427–1440), Moctezuma wa kwanza (1440–1469), Axayacatl (1469–1481), Tizoc (1481–1486), na mwanzo wa Ahuitzotl.

Tumefika kwenye kiti. Durán anasimulia kwamba Moctezuma alipofariki, wakuu walimtaka Tlacaelel atawale, naye akakataa na kumtanguliza Axayacatl. Wakati wa urithi mwingine uliofuata anapewa jibu ambalo kwa ufupi linasema hivi: mnaniongezea nini? Watawala hawakufanya neno bila shauri langu, nimehukumu na kuua na kusamehe kama mtawala, nimevaa kama mtawala. Kama huo si ufalme, ni nini? Makala nyingi huligeuza jibu hili kuwa unyenyekevu. Ukilisoma pole pole hakuna unyenyekevu humo. Ni mtu anayehesabu alichonacho.

Na alichonacho kilikuwa na faida moja ambayo kiti cha tlatoani hakikuwa nayo: kilikuwa salama. Axayacatl alipeleka askari 24,000 Michoacán, kwa hesabu ya Durán, wakakutana na maadui 40,000, na wengi wa askari wake hawakurudi. Tizoc alishika kiti miaka mitano akafa, na inasimuliwa kwamba aliwekewa sumu. Tlatoani alipimwa kwa vita vyake. Cihuacoatl alipimwa kwa kubaki. Tena kiti cha tlatoani kilizunguka ndani ya uzao wa Itzcoatl na Moctezuma: Axayacatl, Tizoc na Ahuitzotl walikuwa ndugu watatu, wajukuu wa wote wawili, maana mwana wa mmoja alioa binti wa mwenzake. Cheo cha cihuacoatl nacho kikabaki kwa uzao wa Tlacaelel. Mwanawe Tlilpotonqui alikishika chini ya Ahuitzotl na akaendelea hadi mwanzo wa Moctezuma wa pili. Ukitazama nasaba badala ya hotuba, unaona familia moja yenye matawi mawili, kila tawi na kiti chake, na hakuna lililovamia la mwenzake kwa vizazi vitatu. Kwangu hilo ndilo tendo kubwa la kisiasa la Tlacaelel, na halitegemei Crónica X peke yake.

Mpangilio huo ulivunjwa kutoka nje. Mjukuu wake Tlacotzin alikuwa cihuacoatl wa Cuauhtemoc, mtawala wa Tenochtitlan wakati huo, mji ulipoanguka mwaka 1521, akakamatwa pamoja naye. Cortés aliwachukua wote katika safari ya kwenda Honduras, na mwaka 1525 akamnyonga Cuauhtemoc njiani. Aliyewekwa mahali pake ni Tlacotzin, aliyekuwa amebatizwa Juan Velázquez. Alivalishwa nguo za Kihispania, akapewa upanga na farasi. Hivyo kiti ambacho babu yake hakukikalia kikafika kwenye tawi lao kwa mkono wa Cortés, na Tlacotzin akafariki mwaka 1526 njiani kurudi, kabla hajaiona tena Tenochtitlan.